Kupooza Kunakoanzia Miguuni

Mkazi wa Ujiji aliugua tumbo la kuhara, akapona. Wiki mbili baadaye anaamka vidole vikiwa na ganzi na magoti yamelegea. Jirani atasema amerogwa. Mwingine atasema ni kiharusi. Lakini kiharusi kwa kawaida hushika upande mmoja wa mwili. Ugonjwa huu hushika miguu yote miwili, kisha hupanda hadi mikononi, usoni na kwenye misuli ya kupumulia. Huitwa Guillain-Barré, kwa majina ya madaktari wawili Wafaransa walioueleza mwaka 1916 pamoja na mwenzao, André Strohl.

Chanzo chake ni kinga ya mwili kukosea adui. Kichocheo kinachojulikana zaidi ni bakteria aitwaye kampilobakta, apatikanaye katika nyama ya kuku isiyoiva, maziwa yasiyochemshwa na maji machafu. Ganda lake hufanana na sehemu za neva. Hivyo kingamwili zilizotengenezwa kumwangamiza huzishambulia neva zenyewe. Hilo humpata takriban mtu 1 kati ya 1,000 walioambukizwa, na kupooza kwenyewe hakuambukizi.

Hatari kubwa haiko miguuni bali kifuani: takriban mgonjwa 1 kati ya 4 huhitaji mashine ya kupumulia. Katika zahanati isiyo na vipimo, mhudumu amwambie mgonjwa avute pumzi ndefu, kisha ahesabu kwa sauti bila kupumua tena. Asiyefika 20, anayepaliwa anapomeza, au ambaye hesabu yake inashuka kila baada ya saa chache, apewe rufaa mara moja. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kisimtulize mhudumu, kwani huweza kubaki kizuri hadi dakika za mwisho. Katika vijiji vya ufukwe wa Tanganyika vinavyotegemea boti, uamuzi ufanyike kabla ya pumzi kupungua, kwa kuwa ziwa likichafuka safari husimama.

Tiba ni dripu ya immunoglobulini kwa siku 5, au kubadilisha plazma ya damu. Zote mbili hufaa zaidi zikianza ndani ya wiki 2. Ni ghali na hazipatikani kila hospitali. Vidonge vya steroidi si mbadala wake, kwani havisaidii. Penye upungufu, uuguzi huokoa maisha: kumgeuza mgonjwa, kumlisha kwa uangalifu, kuzuia damu kuganda, kufuatilia moyo na kunyoosha viungo.

Mtoto wa chini ya miaka 15 anayepooza ghafla aripotiwe siku hiyohiyo. Sampuli mbili za choo huchukuliwa kwa kupishana saa 24, ndani ya siku 14 tangu kupooza, ili kuchunguza polio. Mwaka 2023 virusi vya polio viligunduliwa mkoani Rukwa, na Kigoma ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyochanja watoto.

Udhaifu hufikia kilele ndani ya wiki 4. Baada ya miezi 6, takriban wagonjwa 4 kati ya 5 hutembea wenyewe. Familia inayomwona ndugu yao hawezi hata kuinua kijiko ilijue hilo, isimkatie tamaa wala kumrudisha nyumbani mapema.