Mguu wa Kigoda: Mwinamo, Mchongoko na Nyuzi za Mti

Kigoda chenye miguu iliyotanuka, yaani miguu isiyosimama wima bali inayoinama kuelekea nje kadiri inavyokaribia sakafu, humdai seremala usahihi mkubwa kuliko udogo wake unavyodokeza. Hakina mgongo wala mikono ya kukiimarisha, na mara nyingi hakina hata vipau vya kuunganisha mguu na mguu, hivyo uzito wote wa mkaaji hupita katika viungo vitatu au vinne vilivyo chini ya kikalio. Katika kazi nzuri mguu wa namna hii huwa pia umechongoka, maana yake unene wake hupungua hatua kwa hatua kuelekea chini, na sababu yake si urembo peke yake: karibu na kikalio ndipo nguvu ya kuupinda mguu inapokuwa kubwa, ilhali huko chini mbao nyingi huwa ni uzito usio na kazi.

Mwinamo una kazi yake mahususi. Kigoda hupinduka pale uzito wa mkaaji unapovuka mstari unaounganisha nyayo mbili za miguu iliyo jirani, na kadiri nyayo zinavyosogea nje ndivyo mstari huo unavyokuwa mbali na katikati. Kigoda cha miguu mitatu hakichezi hata kwenye sakafu ya udongo yenye mabonde, kwa kuwa nukta tatu zisizo katika mstari mmoja siku zote hulala kwenye bapa moja, lakini hupinduka upesi zaidi: nyayo zikiwa sentimeta 20 kutoka katikati, mstari wa kupindukia wa kigoda cha miguu mitatu huwa umbali wa sentimeta 10 tu, ilhali wa kigoda cha miguu minne huwa karibu sentimeta 14. Ndiyo sababu miguu mitatu hustahili kutanuliwa zaidi.

Ugumu mkubwa, hata hivyo, umo ndani ya mti wenyewe. Mti umeundwa kwa nyuzi ndefu zinazofuata urefu wa shina, nao hustahimili sana mzigo unaokwenda sambamba na nyuzi hizo, lakini hupasuka kwa urahisi pale nyuzi zinapokatizwa. Vigoda vya asili vya Afrika Mashariki, kama vile vya Wakamba wa Kenya vyenye miguu mitatu na kikalio kilichopambwa kwa waya, huchongwa kutoka gogo moja bila kiungo chochote, na uzuri wao ni wa pekee. Lakini kwa vyovyote nyuzi za gogo zitakavyoelekea, haziwezi kufuata miguu mitatu inayokwenda pande tatu tofauti, hivyo mchongaji hana budi kuiacha miguu ikiwa minene kiasi. Anayetaka mguu mwembamba ulioinama sana hulazimika kuutengeneza peke yake, kisha kuupachika katika tundu la kikalio.

Njia hiyo ilikuzwa mno Uingereza katika viti viitwavyo Windsor, ambavyo katika karne ya 19 vilitengenezwa kwa wingi katika mji wa High Wycombe. Mafundi wa miguu walifanya kazi humo humo katika misitu ya miti ya biichi kwenye vilima vya Chiltern: walikata magogo mafupi, wakayapasua kwa kabari, kisha wakakereza miguu ingali mibichi kwa kerezo lililoendeshwa kwa mguu na kurudishwa na ufito uliopindwa juu yake. Jambo la kuzingatiwa hapa ni kule kupasua. Msumeno hukata palipochorwa mstari, ziwe nyuzi zinafuata au hazifuati, lakini kabari hufuata nyuzi zenyewe, kwa hiyo kipande kilichopasuliwa huwa na nyuzi zinazokwenda mfululizo tangu kikalioni hadi sakafuni. Si kila mti hukubali: mvule, ambao nyuzi zake hupishana, haupasuki sawasawa. Fundi anayenunua mbao zilizokwisha kupasuliwa kwa msumeno anapaswa kukagua pande mbili zinazokutana za kila kipande na kukataa chochote ambacho mistari ya nyuzi hutokea ubavuni kabla ya kufika mwisho, kwa kuwa hapo ndipo mguu utakapovunjikia.

Kuuchongoa mguu kwa randa si kazi ngumu iwapo michoro imepangwa vyema. Kipande hurandwa kwanza kiwe cha mraba kinachopungua, tuseme kutoka milimita 34 juu hadi milimita 24 chini, na randa husukumwa kutoka upande mnene kuelekea mwembamba ili isinyanyue nyuzi. Ili mraba huo uwe wa pande nane, kila uso hugawanywa kwa uwiano wa 5, 7 na 5: upande wa juu hupata milimita 10, 14 na 10, na upande wa chini milimita 7, 10 na 7. Nukta hizo huunganishwa kwa mistari mirefu, kisha pembe zilizo nje ya mistari huondolewa. Mguu waweza kuachwa hivyo, na wengi huupenda hivyo, au pembe nane zirandwe tena hadi uwe wa mviringo.

Wengi hukwama kwenye pembe ya tundu. Mguu wa kigoda cha miguu minne huinama pande mbili kwa wakati mmoja, kushoto au kulia ukitazamwa kwa mbele, na mbele au nyuma ukitazamwa kwa ubavu, ilhali kekee inaweza kuelekezwa upande mmoja tu. Jawabu ni kutafuta mstari wa uelekeo, yaani ule mstari unaochorwa chini ya kikalio kuonyesha mguu unakoelekea kwa kweli. Mguu ukiinama digrii 10 kila upande, mstari huo hukata kona kwa digrii 45, na mwinamo halisi juu yake huwa digrii 14. Kipimapembe cha kukunjika, ambacho bapa lake la chuma hukazwa katika pembe yoyote, husimamishwa juu ya mstari huo, na kekee hufuata bapa. Kwa kigoda cha kimo cha sentimeta 45, unyayo husogea nje kama sentimeta 11.

Tundu lililo bora si la mviringo wa unene mmoja, bali hupanuliwa kwa kisu chenye umbo la koni, na ulimi, yaani ncha ya mguu inayoingia tunduni, huchongwa kwa mchongoko ule ule. Katika kikalio cha unene wa milimita 45, ulimi wa milimita 28 chini ya kikalio hubaki karibu milimita 23 unapotokeza juu, na kila anayeketi hukaza kiungo badala ya kukilegeza. Kisu hicho pia humpa fundi nafasi ya kurekebisha pembe iliyokosewa kidogo. Kabla ya kupachikwa, ulimi sharti ukauke kuliko kikalio, kwa sababu mti huvimba kukata nyuzi unapopata unyevu, na ulimi mkavu utakapovimba utashika tundu. Mpasuo wa ncha yake, unaopokea kabari na gundi, huelekezwa kukata nyuzi za kikalio. Ukienda sambamba nazo, kabari itakipasua kikalio. Kupigilia msumari ubavuni mwa kiungo hiki ni kuharibu kazi yote, kwa kuwa tundu la msumari huanzisha ufa pale pale panapobeba mzigo.

Miguu hukatwa kimo mwisho kabisa. Kigoda husimamishwa juu ya meza bapa, vipande vyembamba vya mbao vikiwekwa chini ya nyayo hadi kikalio kiwe sawa, kisha penseli iliyolazwa juu ya kibao kimoja huzungushwa kila mguu na msumeno hufuata alama. Ukingo wa kila unyayo hupunguzwa kidogo kwa tupa au msasa, ili kigoda kinapoburutwa sakafuni nyuzi za nje zisichanike.