Mwamba wa kweli ni yule aliyeshika kamba: Jinsi mchezo wa kupanda majabali unavyofanya kazi

Wikiendi ikifika hapa Kasulo, vijana wengi ratiba yetu inajulikana. Kuna mpira, kuna chipsi pale Benaco, kuna kukaa kijiweni kuangalia malori yanayoelekea Rusumo. Na kuna kupanda vilima kupiga picha.

Mwaka jana tulipanda washkaji wanne. Njiani tukakuta jabali refu kuliko nyumba. Nikalikwea kama mita tatu hivi, nikapigwa picha, nikacheka. Shida ikaja kwenye kushuka. Mguu unatafuta pa kukanyaga, hauoni. Mikono ikaanza kuchoka, na kule chini vicheko vikakata.

Mmoja wao akaja chini yangu, akanishika kisigino, akauongoza mguu mpaka kwenye ufa. Kisha mwingine. Hivyo hivyo mpaka nikafika chini.

Usiku ule niliangalia kwenye simu video za vijana wa Uingereza. Jumamosi wanatoka mjini na marafiki, wanapanda kuta za mawe zenye urefu wa ghorofa kadhaa, jioni wanarudi nyumbani wazima. Nikajiuliza: wao wana nini ambacho sisi hatukuwa nacho?

Mlima na jabali ni vitu viwili

Kwanza tutenganishe mambo. Kilimanjaro, yenye mita 5,895, ndiyo ndefu kuliko yote Afrika, lakini wengi wanaofika kileleni wanatembea kwa miguu. Adui mkubwa kule ni baridi na hewa nyepesi.

Mlima Kenya ni mfupi zaidi, ila kilele chake cha juu, Batian, chenye mita 5,199, ni ukuta wa mawe. Huko hufiki bila kamba na ujuzi. Watalii wengi huishia kilele cha Lenana, mita 4,985, ambako unaweza kutembea.

Kupanda jabali basi ni kule kutumia mikono na miguu ukutani. Na unaweza kufanya hivyo hata kwenye jiwe la mita 10.

Nani alianza kwenda wikiendi?

Usidhani ni mchezo wa matajiri tu. Katikati ya karne iliyopita, vijana wa kazi za mikono kutoka miji ya viwanda kama Manchester na Sheffield walikuwa wakikimbilia mawe ya Peak District siku za mapumziko. Eneo hilo likawa hifadhi ya kwanza ya taifa Uingereza mwaka 1951.

Mmoja wao alikuwa Joe Brown, fundi wa Manchester. Mwaka 1955, yeye na George Band wakawa watu wa kwanza kupanda Kangchenjunga, mlima wa tatu kwa urefu duniani. Safari ya Himalaya ilianzia kwenye mawe ya wikiendi.

Leo mchezo huu uko hadi Olimpiki. Uliingia kwenye michezo ya Tokyo, iliyofanyika 2021. Kule Paris mwaka 2024, Veddriq Leonardo wa Indonesia alichukua dhahabu kwa kupanda ukuta wa mita 15 kwa sekunde 4.75. Yaani kabla hujamaliza kufungua simu yako.

Kwa nini mita tatu si mchezo

Hapa ndipo nilipopata jibu langu. Mtu akidondoka kutoka mita tatu, anagonga chini kwa kasi ya karibu kilomita 28 kwa saa. Akidondoka kutoka mita 10, ni kilomita 50 kwa saa. Huo ndio mwendo wa mwisho unaoruhusiwa kwa magari yanapopita kwenye makazi ya watu.

Kwa hiyo jabali lile "dogo" ni sawa na kugongwa na bodaboda. Na ardhi haifungi breki.

Kamba inafanyaje kazi?

Njia ya wanaoanza ni rahisi kuielewa. Kamba inatoka kiunoni kwa mpandaji, inapanda hadi kwenye nanga imara juu ya jabali, kisha inashuka hadi kwa rafiki yake aliye chini.

Rafiki huyo amevaa mkanda maalumu wa kiunoni na mapajani. Kwenye mkanda kuna kifaa kidogo cha chuma ambacho kamba inapita ndani yake kwa kujikunja. Mkunjo huo unaleta msuguano, na msuguano ndio breki. Ndiyo maana dada wa kilo 50 anaweza kumzuia jamaa wa kilo 70 asianguke.

Kamba yenyewe nayo si ya kawaida. Inavutika kidogo mtu anapodondoka, ili mshtuko usimvunje mgongo. Zamani wapandaji walitumia kamba za nyuzi za mimea, ndugu wa katani yetu. Hazikuvutika vizuri na zilikatika, hivyo sheria kwa anayetangulia ilikuwa moja: usianguke. Nailoni ndiyo iliyobadilisha mambo kuanzia miaka ya 1940.

Sasa sikiliza: kamba ya kufungia mbuzi, ya kisimani au ya kufungia mizigo kwenye lori siyo kamba ya kupandia. Hata kama ni nene na mpya.

Kukaguana kabla ya kupanda

Kitu kilichonigusa zaidi hakiuzwi dukani. Kabla ya mguu kuacha ardhi, marafiki wawili wanakaguana. Wewe unaangalia fundo langu, mimi naangalia mkanda wako na kifaa chako. Mwenye uzoefu wa miaka 20 anakaguliwa na aliyeanza mwezi uliopita, na hakuna anayeona amedharauliwa.

Kisha anayeshika kamba haachii mkono wake wa breki. Haandiki meseji, hapigi selfi.

Kwa Afrika Mashariki, wapi pa kujifunzia?

Tuangalie Kenya. Chama cha wapanda milima cha huko kilianzishwa 1949, na wanachama wake hufanya mazoezi kwenye majabali ya Lukenya, nje ya Nairobi. Hifadhi ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, ina nguzo ya mawe iitwayo Fischer's Tower, yenye urefu wa kama mita 25, ambako wageni hupandishwa kwa kamba na waongozaji.

Kutoka Kasulo ni mbali, najua. Mpaka siku utakapopata mwalimu na vifaa, kanuni ni hizi: panda kilima kwa njia ya miguu. Usikwee jabali ambalo hujui utashukaje, maana kushuka ni kugumu kuliko kupanda. Mawe yakiwa na mvua, yaache. Na usiende peke yako.

Mtaani "mwamba" ni yule asiyeogopa. Picha yangu ya siku ile bado ninayo, nimesimama kwenye jabali natabasamu. Jamaa aliyenishika kisigino haonekani hata kidogo. Yeye ndiye mwamba.