Kabla ya kununua betri mpya, pima kwanza

MWENYE gari anaamka alfajiri ili awahi foleni, anazungusha ufunguo, na badala ya mngurumo wa injini anasikia mlio mmoja hafifu, kisha kimya. Taa za dashibodi zinafifia. Jirani anaombwa waya za kubusti, gari linawaka, na kabla ya saa sita mchana betri mpya imekwishanunuliwa.

Wiki moja baadaye, gari halitaki tena kuwaka.

Tukio la namna hiyo si geni katika miji kama Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, ambako magari mengi yaliingia nchini kutoka Japan yakiwa yamekwishatumika kwa miaka kadhaa. Mara nyingi betri husingiziwa kosa lisilo lake. Hitilafu huwa katika njia ya umeme: kibanio kilicholegea, kutu kwenye waya wa ethi, au kifaa kidogo kinachokula umeme usiku kucha. Hitilafu hizo zinaweza kutafutwa nyumbani kwa vifaa vya bei nafuu.

Umeme wa gari husafiri katika mzunguko. Hutoka kwenye kichwa chanya cha betri, hupita katika fyuzi, swichi na nyaya hadi kwenye kifaa, kisha hurudi kwenye kichwa hasi kupitia chuma cha bodi na injini. Njia hiyo ya kurudi ndiyo mafundi huiita ethi, na ndiyo inayosahauliwa zaidi.

Stata huhitaji mkondo mkubwa, ambao kwa kawaida huzidi ampea 100, wakati taa ya ndani haihitaji hata ampea moja. Ndiyo maana gari linaweza kuwasha taa na redio bila shida, lakini likashindwa kuzungusha injini. Mahali penye kutu hupitisha umeme kidogo wa taa, lakini huuzuia ule mwingi wa stata.

Vifaa vinavyohitajika ni mita ndogo ya kupimia umeme, spana (mara nyingi namba 10), msasa laini, brashi ya waya, grisi na fyuzi chache za akiba. Vyote vinapatikana katika maduka ya vipuri na ya vifaa vya umeme, na bei ya mita ya kawaida ni sehemu ndogo tu ya bei ya betri.

Vipimo vitatu vya betri

Kipimo cha kwanza hufanyika asubuhi kabla ya gari kuwashwa. Mita huwekwa kwenye volti za mkondo mnyoofu, na ncha zake hugusishwa kwenye vichwa vya betri. Betri iliyojaa husoma takriban volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki na karibu nusu ya chaji, na ikiwa chini ya 12 imekwisha.

Kipimo cha pili hufanyika wakati mtu mwingine akiwasha gari. Betri iliyojaa ambayo inashuka chini ya volti 9.6 stata inapozunguka imechoka kweli, na hapo kununua nyingine ni halali.

Cha tatu hufanyika injini ikiwa inanguruma. Katika magari mengi mita inapaswa kusoma kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikibaki chini ya 13, betri haichajiwi, na mshukiwa ni alternata, mkanda wake au waya zake. Betri mpya haitasaidia kitu.

Baadhi ya mafundi wa mitaani huipima alternata kwa kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inafanya kazi. Mtindo huo ni wa hatari kwa magari yenye kompyuta, kwani volti zinaweza kupanda ghafla na kuunguza vifaa vya thamani kubwa.

Kutu na ethi

Iwapo betri ni nzima lakini stata inavuta kwa shida, hatua inayofuata ni kuchunguza vibanio. Kibanio kinachozunguka kwa mkono kimelegea, na unga mweupe au wa kijani ni dalili ya kutu inayoletwa na mvuke wa tindikali.

Waya hasi hufunguliwa kwanza na kurudishwa mwisho. Sababu ni kwamba spana inayofungua upande chanya, ikigusa bodi wakati upande hasi ungali umefungwa, huleta shoti kubwa yenye cheche. Ikumbukwe pia kwamba betri hutoa gesi inayoweza kulipuka, hivyo sigara na moto wowote ni marufuku.

Unga huo huoshwa kwa maji ya moto bila kuugusa kwa mikono mitupu. Vichwa na vibanio hukaushwa na kusuguliwa kwa msasa hadi ving'ae, hukazwa, kisha hupakwa grisi kwa juu.

Ethi nayo hupimwa. Ncha moja ya mita huwekwa kwenye kichwa hasi cha betri, na nyingine kwenye chuma kisicho na rangi cha injini, huku mtu akizungusha stata. Kipimo kikizidi nusu volti, umeme unapotelea njiani. Waya wa ethi hufunguliwa mahali unapofungwa kwenye bodi au injini, husuguliwa na kukazwa upya. Gharama yake ni jasho tu.

Mwizi wa usiku

Hali ni tofauti kwa gari linalowaka vizuri kila siku, lakini linakataa likilala siku mbili au tatu. Hapo kuna kifaa kinachoendelea kula umeme baada ya ufunguo kutolewa.

Taa ya buti ya wati 5 isiyozimika hutumia takriban ampea 0.4. Gari likiegeshwa Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi, yaani saa 60, taa hiyo moja itakuwa imekula ampea-saa 24, zaidi ya nusu ya betri ya ampea-saa 45. Aidha, redio na alamu zilizofungwa baada ya gari kununuliwa, kwa waya zilizounganishwa ovyo, ni washukiwa wakubwa.

Kumtafuta mwizi huyo, kila kitu huzimwa na waya hasi huchomolewa. Mita huwekwa kwenye ampea 10, kisha huunganishwa kati ya waya huo na kichwa hasi cha betri. Gari huachwa kwa nusu saa hivi, milango ikiwa imefungwa, ili kompyuta zake zilale. Katika muda wote huo ufunguo usizungushwe, la sivyo fyuzi ya mita itaungua.

Kipimo kilicho chini ya ampea 0.05 ni cha kawaida. Kikizidi sana, fyuzi huchomolewa moja baada ya nyingine hadi kipimo kishuke. Fyuzi iliyokishusha ndiyo inayoonyesha njia yenye kasoro. Ni vyema kupiga picha kisanduku cha fyuzi kabla ya kuanza, kwani katika baadhi ya magari kutoka Japan maelezo ya kifuniko yameandikwa kwa Kijapani.

Fyuzi haiongezwi

Kosa la hatari kuliko yote ni kubadilisha fyuzi iliyoungua kwa nyingine yenye ampea nyingi zaidi, au kuifunga kwa kipande cha waya. Katika fyuzi za kawaida za kuchomeka, nyekundu ni ya ampea 10, bluu 15, ya njano 20 na ya kijani 30. Hulinda waya zisipate moto.

Fyuzi ya ampea 10 ikiwekewa ya 30, shoti ikitokea, waya uliokusudiwa kulindwa hugeuka kuwa fyuzi yenyewe. Huungua ndani ya dashibodi, kati ya plastiki na vitambaa. Fyuzi mpya ya kiwango kilekile ikiungua tena, ni ishara ya shoti inayopaswa kutafutwa.

Kazi ya nyumbani ina mpaka. Waya zenye vifuniko vya njano mara nyingi ni za mifuko ya hewa ya usalama, na zile nene za rangi ya chungwa katika magari ya mseto kama Toyota Prius hubeba zaidi ya volti 200, kiasi cha kuua. Hizo ni za fundi aliyesomea.

Hata kwa hitilafu zinazobaki, mwenye gari aliyepima hafiki gereji mikono mitupu. Ana namba mkononi, na fundi atakayemshauri kununua betri au alternata atalazimika kueleza ni kipimo gani kinachosema hivyo.