Simu ya Mkononi na Kumbukumbu ya Mwanafunzi wa Lugha

Mwezi Septemba mwaka 2024 serikali za Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba unaohusu wafanyakazi wenye ujuzi watakao kwenda kufanya kazi Ujerumani. Muuguzi anayetaka kazi yake itambuliwe huko kwa kawaida hutakiwa kufaulu Kijerumani cha daraja la B2, ambalo ni la nne kati ya madaraja sita yatumikayo Ulaya. Kwa mtu mwenye zamu za usiku na watoto wa kulea, safari hiyo ni ndefu, na si ajabu kwamba huitegemea simu yake ya mkononi kuwa mwalimu. Lakini simu hiyo yaweza kumfaa sana, au kumpotezea miezi mingi, kwa kadiri anavyoelewa jambo moja lililochunguzwa kabla intaneti haijakuwapo: jinsi binadamu anavyosahau.

Mtaalamu wa Kijerumani Hermann Ebbinghaus alilipima jambo hilo kwa kujifanyia majaribio yeye mwenyewe. Alihifadhi kwa moyo orodha za silabi zisizo na maana, kisha, baada ya muda fulani, alizihifadhi upya na kupima ni kazi kiasi gani iliyopungua. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1885. Baada ya dakika 20 alikuwa ameokoa asilimia 58 ya kazi ya awali. Baada ya siku moja asilimia 34. Na baada ya siku 31 asilimia 21. Yaani hasara kubwa hutokea mapema, na baadaye kasi yake hupungua.

Je, dawa ni kusoma tena na tena? Jibu lilipatikana kwa msaada wa Kiswahili. Mwaka 2008 Jeffrey Karpicke na Henry Roediger walitangaza katika jarida la Science jaribio lililofanywa kwa wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani. Wanafunzi walipewa maneno 40 ya Kiswahili, mathalani "mashua", pamoja na maana zake kwa Kiingereza. Kila neno lilipokwisha kukumbukwa mara moja, baadhi yao waliendelea kuulizwa neno hilo. Wengine hawakuulizwa tena, ingawa kundi moja kati yao liliendelea kuonyeshwa neno hilo pamoja na maana yake. Baada ya juma moja, walioendelea kuulizwa walikumbuka asilimia 80 hivi. Wale ambao hawakuulizwa tena walikumbuka asilimia 36 au 33 tu, na kule kuonyeshwa maneno mara kwa mara hakukuwasaidia sana. La kushangaza zaidi, walipotakiwa kukisia watakumbuka mangapi, makundi yote yalikisia karibu nusu. Mwanafunzi hahisi tofauti wakati anapojifunza.

Hapo ndipo chombo kinapohitajika, maana hisia za mwanafunzi mwenyewe si kipimo cha kuaminika. Mwaka 1972 Sebastian Leitner alieleza katika kitabu chake namna ya kutumia sanduku lenye vyumba na kadi za maswali: kadi iliyojibiwa vyema husogea chumba cha mbele, ambako huulizwa baada ya muda mrefu zaidi; iliyokosewa hurudi chumba cha kwanza. Mwaka 1987 Piotr Woźniak, mwanafunzi wa Kipolandi, aliitungia kompyuta programu ya kukokotoa siku za marudio. Programu ya Anki, iliyotolewa mwaka 2006, hufuata njia hiyohiyo, na kadi zikishaingizwa katika simu hufanya kazi bila kifurushi cha intaneti.

Hata hivyo, mashine haiwezi kumlazimisha mtu kufikiri. Anayefunua jibu kabla ya kulitamka kwa sauti amejigeuza kuwa msomaji tu, kama wale wa asilimia 36. Kadi nayo iandikwe kwa uangalifu. Mswahili amezoea ngeli, lakini nomino ya Kijerumani mara nyingi haionyeshi jinsi yake usoni: kijiko ni "der Löffel", uma ni "die Gabel", kisu ni "das Messer". Basi asihifadhi "Messer" peke yake. Na zile programu zinazogawa nyota na kuhesabu siku mfululizo hupima zaidi uaminifu wa mtu kwa programu kuliko ujuzi wake wa lugha.

Kwa upande wa mazungumzo, kadi hazitoshi. Mtihani wa B2 una sehemu za kusikiliza na kusema, na mgonjwa mzee hasemi polepole ili muuguzi apate kukumbuka. Hapa mitandao ya kijamii ina nafasi yake, hasa ujumbe wa sauti, ambao huweza kusikilizwa mara tatu na kujibiwa baada ya kujiandaa. Tafsiri ya mashine ikae kando mpaka jibu litolewe. Msemaji wa Kiswahili tena haendi sokoni mikono mitupu. Lugha yake hufundishwa katika vyuo vikuu vya Hamburg, Leipzig na Bayreuth, na huko wamo wanafunzi wanaohitaji mtu wa kuzungumza naye. Waweza kupatana dakika 20 za Kijerumani, kisha 20 za Kiswahili, kila mmoja akiyaandika makosa aliyosahihishwa, na makosa hayo yakawa kadi za kesho yake.