Gari Linapopiga Hodi

Tangu EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, ilipotangaza, katika bei mpya za stima za mwaka 2023, kwamba uchaji wa magari ya umeme utatozwa shilingi 16 kwa uniti, na nusu ya hizo, yaani shilingi 8, katika saa ambazo matumizi ya taifa yamepungua, kuna swali linalorudi kila watu wanapozungumza juu ya kuleta gari la aina hii Nyeri, Karatina au Nanyuki: nyumbani niweke chaja ya kilowati ngapi? Wauzaji wana jibu tayari, nalo hupanda tu: 7, 11, hata 22. Sitaanza kueleza kilowati ni nini na uniti ni nini. Kila aliyewahi kununua tokeni analijua somo hilo kwa mfuko wake. Ninachotaka kutetea ni hiki: katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, chaja ya kununua ni ile inayoweza kuamriwa itoe kidogo, na sababu yake imo katika waya mmoja mwembamba ambao muuzaji hautaji kamwe.

Kwanza, kile kisanduku cha ukutani tunachokiita chaja hakichaji kitu. Chaja yenyewe imo ndani ya gari. Ndiyo inayopokea mkondo geu wa Kenya Power na kuugeuza uwe mkondo mnyoofu ambao betri inaweza kuumeza, na ukubwa wake uliamuliwa kiwandani. Nissan Leaf nyingi zilizouzwa Japani, ambazo ndizo zinazoshushwa Mombasa zikiwa zimetumika, zilitoka na chaja ya ndani ya kilowati 3. Ile ya kilowati 6 mnunuzi aliilipia zaidi. Ukiifungia Leaf ya kilowati 3 kisanduku cha kilowati 22, itakunywa kilowati 3. Na kisanduku hicho kingetaka laini tatu za stima, ambazo viwanda vya majani chai huko Othaya vinazo, lakini nyumba ya kawaida huko Kiganjo ina laini moja.

Basi kisanduku kinafanya nini? Hapa ndipo utamu ulipo. Plagi ya Leaf ina pini tano. Mbili zinabeba stima, moja ni ya ardhi, ya nne hulijulisha gari kwamba plagi imekaa sawasawa. Ya tano inashika waya mwembamba ambao wahandisi wameupa jina la rubani. Kwa Kiswahili jina hilo linatupeleka uwanja wa ndege, kwa hiyo nitauita waya wa hodi, na nadhani utaona kwamba jina hili linaubeba vizuri kuliko lile lao.

Kabla gari halijafika, waya wa hodi una volti 12 zilizotulia. Pini nyingine zimekufa kabisa; hazina stima hata chembe. Mlango umefungwa, mwenye nyumba yuko ndani anasikiliza. Plagi inapoingia, kizuizi kidogo cha ohmu 2,740 ndani ya gari kinaushusha waya huo kutoka volti 12 hadi 9. Hiyo ndiyo hodi. Kisanduku hakifungui bado, maana mgeni aliyebisha si lazima awe mgeni aliye tayari kuingia. Kinajibu kwa kuufanya waya ucheze mara 1,000 kila sekunde, juu na chini, na ndani ya mchezo huo kimeficha ujumbe: sehemu ya muda ambayo mpigo unakaa juu ndiyo inayotaja ukubwa wa mkondo unaoruhusiwa. Chukua asilimia hiyo, zidisha kwa 0.6, umepata ampea. Mpigo ukikaa juu asilimia 53 ya muda, mwenye nyumba amesema ampea 32. Asilimia 27, amesema 16. Asilimia 17, amesema 10: karibu, lakini leo sufuria ni ndogo. Gari likishasikia na kuridhika linaongeza kizuizi cha pili, volti za juu zinashuka hadi 6, yaani mgeni amesema naam, naingia. Hapo tu ndipo swichi kubwa ndani ya kisanduku inapofunga kwa mlio mmoja mkavu, tak, na stima kuanza kupita. Mgeni mstaarabu hali zaidi ya alichoandaliwa, na kiwango cha kimataifa cha IEC 61851 kinalitaka gari liwe na ustaarabu huo.

Wahandisi waliwaza pia juu ya wale wanaogusa mlango bila kuwa wageni. Maji ya mvua yakiingia katika plagi, au mtoto akitia kidole, volti za waya huo zinaweza kushuka hadi 9 kwa bahati tu, na kisanduku kikadhani kimesikia hodi. Dawa yake ni daiodi moja, kifaa cha bei ya peremende, kilichowekwa ndani ya gari. Daiodi hupitisha mkondo upande mmoja tu. Kwa hiyo gari la kweli linaushusha upande wa juu wa mpigo na kuuacha upande wa chini ukae palepale, kwenye volti 12 chini ya sufuri. Maji hayajui kuchagua upande. Yanaziminya pande zote mbili. Kisanduku kikiona upande wa chini nao umelegea, kinajua kwamba huyo ni upepo unaotikisa mlango, na swichi haifungi. Mvua ya Aprili inaweza kunyesha juu ya plagi ya namna hii huko Karatina usiku kucha.

Mazungumzo haya hayaishi mlango unapofunguliwa. Kisanduku kina ruhusa ya kubadilisha kauli wakati wowote, na gari lina sekunde 5 tu za kutii. Hili ndilo lenye thamani kwa nyumba ya Nyeri. Asubuhi ya Julai, ukungu ukiwa umeshuka, mtu anafungua shawa ya umeme, nayo inavuta ampea 20 na zaidi mara moja. Kisanduku chenye kipimo kilichofungwa kwenye waya mkuu wa nyumba kitaliona ongezeko hilo, kitafupisha mpigo, na gari litapunguza ulaji wake kabla fyuzi kuu haijapata joto. Shawa ikifungwa, mpigo unarefushwa tena. Kisanduku kisicho na kipimo hicho kinaendelea kutangaza ampea 32 huku nyumba ikizama gizani.

Nje ya nyumba kuna jambo kubwa zaidi. Chukua nyumba iliyo mita 500 kutoka kwa transfoma, umbali wa kawaida kabisa kwenye miteremko ya Mukurwe-ini au Tetu, inayolishwa kwa waya wa alumini wa milimita mraba 25. Waya huo una ohmu 1.2 hivi kwa kilomita, na kwenda na kurudi ni kilomita moja. Gari likivuta ampea 32, volti 38 zinapotelea njiani. Zile 240 zilizotoka kwenye transfoma zinafika zikiwa 202, hata kabla ya kuhesabu jirani anayewasha mashine ya kukatia ng'ombe nyasi. Likivuta 10, zinapotea 12 tu. Joto nalo linafuata mraba wa mkondo: kwa ampea 32 nyaya zinapasha moto ndege kwa wati 1,200 na ushei, kwa ampea 10 ni wati 120. Hata ukikumbuka kwamba ampea 10 zitachukua muda mara tatu na zaidi kujaza betri ileile, hasara yote kwa jumla inakuwa chini ya theluthi. Stima ile inayofifia saa mbili usiku, taa zikigeuka rangi ya chai, haihitaji gari la kuiongezea mzigo.

Kuna atakayesema kwamba kidogo hakitoshi huku milimani. Tupige hesabu. Kutoka Sagana hadi Nyeri mjini barabara inapanda kama mita 550. Kuinua gari na abiria, tuseme kilo 1,750, kwa kimo hicho kunadai uniti 2.6 juu ya zile ambazo gari lingetumia kwenye tambarare, na sehemu yake hurudi betrini siku ya kuteremka. Mlima mzima, basi, unalipwa kwa saa moja hivi ya kilowati 3. Usiku wa kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi una saa 8, yaani uniti 24 kwa kasi hiyohiyo ndogo. Ukiondoa zinazopotea katika kugeuza, zinabaki za kwenda Nanyuki na kurudi, kilomita 120 hivi, hata kwa dereva asiye mpole. Kisanduku cha kilowati 7, kwa gari linaloweza kukipokea, kingemaliza kazi hiyo kabla ya saa nane usiku. Kisha kingefanya nini? Kingekaa. Gari limelala, mwenyewe amelala, na kasi uliyoilipia haina wa kuitumia.

Saa hizo za usiku ndizo hizohizo za shilingi 8, na bei hiyo haikutolewa kwa huruma. Sehemu kubwa ya umeme wa Kenya inatoka kwa mvuke wa ardhini wa Olkaria, na visima vya mvuke havizimwi nchi inapolala. Mvuke usiotumika unaachwa uende zake hewani. Gari linalokunywa polepole toka saa nne hadi alfajiri linaunywa mvuke huo. Linalojazwa kwa pupa saa moja jioni linafika mezani pamoja na majiko, taa na televisheni za nchi nzima. Bei hiyo inataka mita yake peke yake, kwa hiyo anayechaji mara moja kwa juma apige hesabu kabla ya kuiomba.

Pingamizi la pili linatoka upande wa pili, nalo ni gumu zaidi: kama kidogo kinatosha, kwa nini ninunue kisanduku? Si nichomeke kwenye soketi ya kawaida ya ampea 13? Inawezekana, na nyaya za kubebeka zipo, zenye kisanduku kidogo katikati kinachofanya mazungumzo yaleyale na kujiwekea mpaka wa ampea 8 au 10. Tatizo ni soketi yenyewe. Ilitengenezwa kwa birika linalochemka dakika tatu na pasi inayowaka na kuzima. Saa 8 mfululizo kila usiku ni kazi nyingine. Chemchemi zake za shaba zinapata joto, zinalegea, zikilegea upinzani unaongezeka, na upinzani ukiongezeka joto linazidi. Mduara huo huanza na doa la kahawia kando ya tundu la chini kulia na harufu ya plastiki, na soketi bandia za bei ya chini hufika hapo upesi. Waya wa kurefusha uliokunjwakunjwa chini ya gari ni hatari zaidi. Soketi ya buluu ya viwandani ya ampea 16, yenye waya wake peke yake kutoka kwenye bodi ya fyuzi, inaondoa karibu hatari yote hiyo kwa gharama ndogo, na kwa mwenye Leaf ya kilowati 3 sioni haja ya kupita hapo.

Mengine ni ya fundi, naye awe mwenye leseni ya EPRA: kivunja mkondo kinachotambua pia uvujaji wa mkondo mnyoofu, kinga ya radi, na chuma cha ardhi kilichopimwa, hasa upande wa Naro Moru na Nanyuki ambako udongo hukauka kuliko ule mwekundu wa Nyeri.

Linabaki la kesho. Atakayenunua BYD yenye betri kubwa miaka mitano ijayo atajuta kuweka kidogo leo? Hapa ule waya wa hodi unalipa tena. Plagi ya Leaf ya Japani na plagi ya BYD ya leo hazifanani kwa umbo, lakini lugha ya volti 12, 9 na 6 ni ileile, hivyo kisanduku chenye tundu badala ya waya wa kudumu kitayahudumia yote mawili kwa kubadilisha waya tu. Kinachogharimu kubadilisha ni kilichofukiwa. Chimba mtaro mara moja, laza waya wa shaba wa milimita mraba 6, au 10 kama gari linalala mbali na nyumba, kisha mwambie fundi aweke kisanduku kwenye ampea 16. Kwa visanduku vingi kazi hiyo ni swichi ndogo chini ya kifuniko, na siku transfoma ya kijiji itakapoongezwa nguvu ataifungua tena na kuisogeza hadi 32 bila kugusa jembe.