Picha ya mwanamuziki Kampala: kofia, rangi na gitaa vinavyosema kabla ya wimbo

KAMPALA. Mfanyabiashara anayeshuka basi jijini hapa kuchukua mzigo wa kalenda, mabango na fulana zenye sura za wanamuziki huuliza kwanza bei. Swali la pili ni zito zaidi: picha hizi zinasema nini? Rangi au vazi moja linaweza kumaliza mzigo kwa siku moja ya soko, au kuufanya ulale stoo hadi mwaka uishe. Tena lipo vazi linaloweza kumfikisha mwenye mzigo mikononi mwa polisi.

Kitovu cha biashara hiyo ni barabara ya Nasser na jirani yake Nkrumah, katikati ya jiji. Huko mashine za kuchapa hunguruma toka asubuhi, na vijana wenye kompyuta hukata sura kutoka picha moja na kuiweka juu ya mandhari ya nyingine wakati mteja amekaa kando akielekeza. Mabango ya Nasser yamepata umaarufu hadi Ulaya. Mwaka 2023 mtafiti Mbelgiji Kristof Titeca alitoa kitabu kizima kuyahusu, chenye sura za kina Idi Amin, Gaddafi na Saddam Hussein, pamoja na wanasiasa wa Uganda.

Kanga na bango

Mteja aliyezoea kanga za Pwani anajua kwamba kanga husema kwa jina lake, yale maneno yaliyochapwa juu ya pindo. Bango la Kampala halitegemei sana maneno. Wanunuzi wake huzungumza Kiganda, Kiswahili, Kilingala au Kiarabu cha Juba, na wengine hawasomi kabisa. Kwa hiyo picha hubeba ujumbe.

Bango la onyesho lina mpangilio unaojirudia. Sura kubwa ya katikati ni ya mwenye onyesho; sura ndogo pembeni ni za wanaomsindikiza. Ukanda wa chini una alama za wafadhili, mara nyingi kampuni za simu na za bia. Ukanda huo ukijaa, mtazamaji huelewa kuwa kuna fedha nyuma ya shughuli na kwamba jukwaa litakuwa la uhakika. Ukiwa mtupu, huanza kuhesabu vizuri kabla ya kutoa kiingilio.

Vyombo na mavazi navyo vina lugha yake. Mtu mmoja na gitaa lake kavu humaanisha kadongo kamu, muziki wa masimulizi ambao jina lake kwa Kiganda linataja kagitaa kamoja tu. Mnunuzi hutarajia hadithi na mafunzo. Gomesi na kanzu huashiria heshima ya nyumbani na sherehe za ukoo. Suti ya gharama na viatu vinavyong'aa humkumbusha mtazamaji wanamuziki wa Kinshasa kama Papa Wemba, aliyeufanya unadhifu kuwa sehemu ya muziki wenyewe.

Majarida na kurasa za burudani hutumia mbinu hizo hizo. Jarida la Drum, lililoanzia Afrika Kusini mwaka 1951 na baadaye kuwa na toleo la Afrika Mashariki, liliwazoesha wasomaji jalada lenye sura moja kubwa inayowatazama machoni. Wasanifu wa leo hawajaiacha kanuni hiyo, kwa sababu macho yanayomtazama mpita njia humsimamisha.

Nguvu ya picha ilionekana wazi mwaka 2014, pale video ya Sitya Loss ya Eddy Kenzo ilipoenea duniani. Wimbo ni wa Kiganda, na jina lake lina maana ya "siogopi hasara". Watazamaji wengi hawakuelewa maneno, lakini waliwaelewa watoto wa mtaani wanaocheza kwa furaha. Mwaka uliofuata Kenzo alipata tuzo ya BET nchini Marekani.

Rangi si pambo tu

Nchini Uganda rangi zina wenyewe. Njano ni ya chama tawala cha NRM, buluu ya FDC, kijani ya DP na nyekundu ya NUP. Msanii akionekana amevaa njano karibu na uchaguzi, mashabiki hawaulizi kama aliipenda tu dukani. Mwaka 2015 kundi la wasanii maarufu liliimba Tubonga Nawe kumuunga mkono Rais Yoweri Museveni, na baadhi yao wakalaumiwa vikali na mashabiki wao.

Mfano mkubwa zaidi ni bereti nyekundu. Robert Kyagulanyi, mwanamuziki wa Kamwokya ajulikanaye kama Bobi Wine, alichaguliwa mbunge mwaka 2017, na kofia hiyo ikawa alama ya wafuasi wake. Septemba 2019 Gazeti la Serikali liliiorodhesha bereti nyekundu miongoni mwa mavazi ya jeshi, ambayo raia hatakiwi kuyavaa wala kuwa nayo. Vazi lililoanza kama pambo la msanii likawa jambo la mahakama.

 Kwa mchuuzi, kofia hiyo ikiwa ndani ya mzigo unaopita Busia, Malaba au Mutukula kuingia Uganda, inaweza kuleta maswali ambayo risiti haiyajibu.

Kabla ya kulipa kianzio

Wanaoagiza kazi Nasser wana mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, waombe nakala moja ya majaribio na kumwonyesha mtu wa soko wanakopeleka, maana rangi iliyo ya sherehe upande mmoja wa mpaka ni ya siasa upande wa pili.

Pili, waulize picha ni ya nani. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inalinda picha kama inavyolinda nyimbo, na sura ya msanii kwenye fulana bila ruhusa inaweza kuleta madai.

Tatu, waulize forodha mapema. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unahusu bidhaa zilizoorodheshwa, zenye asili ya nchi wanachama na thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani. Fulana iliyotoka nje ya Jumuiya haigeuki kuwa ya Uganda kwa sababu tu imechapwa sura ya msanii wa Kampala.