Kompyuta inajizima: tuandikie watengenezaji ao tuite fundi?

Katika biro nyingi za Lubumbashi mambo ni yaleyale. Sekretere anaandika barua, kioo kinageuka buluu, maneno ya Kiingereza yanatokea, kiisha mashini inajizima na kujiwasha yenyewe. Barua imepotea. Watu wanasema "iko vile", kazi inaanza upya. Kuwaandikia wale waliotengeneza mfumo, nani anawaza? Sisi tunaona kwamba inafaa, lakini hapana kila mara.

Kwanza tutazame kwetu. Umeme unapanda na kushuka, na mashini isiyo na batri ikizimika umeme unapokatika, hilo si kosa la Windows wala la Linux. Joto vilevile: fungueni kifuniko, mara nyingi mutakuta vumbi limeziba feni. Kiisha kuna barete ya memori. Programu ya bure Memtest86+ inaipima. Iacheni izunguke usiku muzima. Ikionyesha kosa, watengenezaji wa mfumo hawana la kufanya, mutafute barete ingine.

Mashini ikipita hapo salama, tazameni kama kosa linarudi, na linarudi namna gani. Kuanguka mara moja kwa miezi sita, andikeni tarehe katika kayé na mungojee. Leo kodi hii, kesho ile, mara mukifungua barua, mara mashini ikiwa imelala: huyo ni fundi anaitwa. Lakini kodi ileile, kila mara mukichomeka imprimante ileile, tena tangu mfumo ulipojisasisha juma lililopita? Hiyo ndiyo habari ya kupeleka. Windows inaweka faili ndogo ya ajali katika C:\Windows\Minidump, na mara nyingi ndani mwake muna jina la kipande cha programu kilichohusika.

Wakati mwingine kosa si lenu peke yenu. Tarehe 19 Julai 2024, faili moja mbovu ya kampuni CrowdStrike iliangusha mashini za Windows karibu milioni 8.5 kwa hesabu ya Microsoft. Siku ya namna hiyo, someni kwanza tangazo la kampuni.

Na ile ripoti inayojituma yenyewe? Iacheni ifanye kazi, hata kama inakula mega kidogo. Mwaka 2002 Steve Ballmer, mukubwa wa Microsoft wakati ule, aliandika kwamba ripoti hizo zimeonyesha asilimia 20 hivi ya makosa ndiyo inaleta asilimia 80 ya matatizo. Pale, hata ajali moja ndogo inaingia katika hesabu.

Jambo moja linatusumbua huku: Windows za kukopiwa. Faili zikisha kuguswa na mikono ya watu wengine, nani atajua kosa ni la nani? Linux nayo inajiwekea alama ikibebeshwa kipande kisicho cha wazi, kama kile cha NVIDIA, na watengenezaji wanaomba kwanza murudilie jaribio bila hicho kipande.

Kuandika "mashini yangu inakufa" hakusaidii mutu. Semeni mfumo gani, toleo gani, tangu lini, na munafanya nini mbele ya kuanguka. Imprimante za zamani zinazotumika katika biro zetu pengine hazipo tena kwenye meza zao. Wasipoambiwa, hawataona kitu. Ila muwe na akili na faili kubwa ya ajali, ile inayobeba memori yote: barua iliyokuwa wazi inaweza kuwa ndani, na majina ya wagonjwa vilevile. Hiyo musiiweke fasi kila mutu anapita.